Tanga kwa miguu: Mji uliokuzwa na reli ya kwanza ya Tanzania Bara

Na Mwandishi Wetu, Tanga

RELI ya kwanza ya Tanzania Bara haikuanzia Dar es Salaam, bali Tanga. Ilianza kujengwa mwaka 1893, miaka mitatu kabla ya Waingereza kuanza kujenga reli ya Uganda kutoka Mombasa, na miaka 12 kabla ya ujenzi wa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Zaidi ya karne moja baadaye, historia hiyo bado inaonekana katika mitaa ya Tanga. Stesheni, boma, shule, mahakama, hospitali na nyumba za wafanyabiashara vimo katika eneo ambalo mtu mwenye viatu vizuri na chupa ya maji anaweza kulizunguka kwa asubuhi moja. Akiongeza Ras Kasone, atahitaji siku nzima.

Hata hivyo, majengo hayo yana kasoro moja mbele ya sheria, nayo ni umri wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua moja kwa moja kuwa malikale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Karibu kila kilichojengwa Tanga kwa sababu ya reli kilikuja angalau miaka 30 baada ya tarehe hiyo.

Kwa hiyo, anayetembea Tanga leo anatazama urithi ambao sehemu kubwa imedumu kwa sababu ya matumizi ya kila siku, uimara wa mawe na moyo wa wenyeji wachache.

Reli iliyojengwa kwa kusuasua

Lengo la reli ya Usambara lilikuwa kuyafikia mashamba ya walowezi wa Kijerumani yaliyokuwa yakifunguliwa nyuma ya pwani na katika milima ya Usambara. Kabla yake, mizigo ilibebwa vichwani na wapagazi, na gharama za kufikisha mazao bandarini zilikuwa kubwa mno kwa mwenye shamba.

Ujenzi wake haukuwa wa kasi. Kampuni iliyoanza kazi hiyo ilichukua miaka mitatu kufika Muheza, umbali wa takribani kilomita 40, kisha ikaishiwa fedha. Serikali ya kikoloni ikaichukua reli hiyo mwaka 1899. Ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, kilomita 352 kutoka Tanga.

Waliochimba tuta, kubeba mataruma na kulaza vyuma walikuwa Waafrika, wengi wao kutoka mbali. Wanyamwezi, ambao tangu zamani walijulikana kwa kazi ya upagazi, walikuwa miongoni mwa makundi makubwa ya vibarua katika reli na mashamba ya eneo hilo. Majina yao hayakuandikwa katika jengo lolote la mji.

Mwaka uleule wa 1893, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alileta miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, kusini ya Pangani. Kutokana na miche hiyo likaota zao lililokuja kuifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkuu wa mkonge duniani. Katika miaka ya 1960 uzalishaji ulizidi tani 200,000 kwa mwaka, na robota nyingi za katani zilishuka bandarini Tanga kwa reli hii.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliiendeleza reli hiyo hadi Arusha mwaka 1929. Mwaka 1963 ikaunganishwa na Reli ya Kati kwa njia ya Mnyusi hadi Ruvu, yenye urefu wa kilomita 188.

Kuanzia stesheni

Mahali panapofaa kuanzia matembezi ni stesheni ya reli, kusini ya kitovu cha mji. Anayesimama hapo anaelewa haraka jinsi mji ulivyopangwa. Reli ilipita kusini na mashariki ya mji, ikaukumbatia, kisha ikateremka bandarini.

Upande wa kaskazini wa reli, kuelekea baharini, Wajerumani waliweka ofisi zao, makazi ya Wazungu na maduka, ambayo mengi yalikuwa ya Wahindi. Upande wa kusini ulipimwa viwanja vya Waafrika, palipoitwa Ngamiani, jina linalohusishwa na ngamia. Reli ikawa ndiyo mpaka, na kwa miongo kadhaa ilitosha mtu kutaja anaishi upande gani ili ajulikane nafasi yake katika jamii ya kikoloni.

Karibu na reli yalijengwa maghala, karakana na nyumba za wafanyakazi. Majengo ya aina hii hayana urembo: kuta nene, mabati, madirisha ya juu ya kupitisha hewa. Mara nyingi watalii huyapita bila kuyatazama, lakini ndiyo yaliyokuwa na watu wengi zaidi kuliko boma na mahakama. Humo mafundi wa Kiafrika walijifunza kuchomelea, kufua vyuma na kutengeneza injini.

Pia ndimo ulimokua umoja wa wafanyakazi. Makuli wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939, na mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika nzima waliendesha mgomo mrefu wakidai haki zao wakati nchi ikielekea uhuru.

Ngamiani, barabara za namba

Kabla ya kuelekea baharini, mtembeaji anashauriwa avuke reli na kuingia Ngamiani. Hapa barabara hazikupewa majina ya magavana wala wafalme, bali namba. Mpaka leo mwenyeji wa Tanga humwelekeza mgeni kwa kutaja barabara ya nne, ya nane au ya kumi na mbili.

Nyumba za zamani za Ngamiani ni za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mwembamba unaokata nyumba katikati, vyumba pande zote mbili na ua nyuma. Kuta zilikuwa za miti na udongo, baadaye zikapigwa lipu, na paa za makuti zikapisha mabati. Baraza ndiyo sebule ya mtaa. Mgeni anayepita akiona wazee wameketi, salamu hutangulia picha.

Tanga ilikuwa pia na jina katika muziki. Vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, pamoja na bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, vilitamba katika miaka ya 1960 na 1970, na nyimbo zao zikasikika mbali na pwani hii.

Nyumba za Ngamiani ndizo zilizo katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka, kwa kuwa ni mali ya familia, viwanja vyake vina thamani, na hakuna anayezihesabu kuwa historia. Nyumba moja inapovunjwa ili lijengwe ghorofa, mtaa hupoteza pia baraza na watu wake.

Mitaa ya maduka

Kurudi kaskazini ya reli ni kuingia katika mji wa biashara. Kwenye barabara ya Soko na mitaa inayokatana nayo yapo maduka yaliyojengwa na Wahindi: duka chini, makazi juu, na roshani zinazotupa kivuli kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Msomaji wa majengo atazame juu, si dukani. Kwenye paji la majengo ya aina hii ndipo mara nyingi huandikwa mwaka wa ujenzi na jina la mwenye nyumba au ukoo wake. Mbao za matangazo zimefunika mengi, lakini yaliyobaki yanaonesha lini mji ulinenepa na lini ulikonda. Bei ya mkonge ilipopanda katika soko la dunia, matofali yalipanda Tanga. Ilipoporomoka baada ya nyuzi za plastiki kuingia sokoni, rangi zikaanza kubanduka.

Katika eneo hilohilo ipo maktaba ya mkoa, iliyojengwa katika miaka ya 1950 na kupewa jina la Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Ni mfano wa ujenzi wa miaka ya mwisho ya ukoloni, uliozingatia kivuli na upepo kabla ya viyoyozi kuenea.

Boma na Bustani ya Jamhuri

Kaskazini zaidi, juu ya ukingo unaotazama bandari, lipo Boma la zamani la Wajerumani. Ndani yake yamo Makumbusho ya Urithi, yanayotunza picha na maelezo ya historia ya Tanga. Hiki ndicho kituo muhimu kuliko vyote katika matembezi haya, kwani mgeni anaweza kuona mji ulivyokuwa, kisha akatoka nje na kulinganisha.

Boma ni mfano mzuri wa ujenzi wa pwani. Kuta zake nene zilihifadhi ubaridi mchana, nayo madirisha yalielekezwa kwenye upepo wa bahari. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, zilizo nyingi katika majengo ya pwani ya enzi hizo, zina siri ambayo mafundi wengi wa leo wameisahau. Chokaa hupumua, yaani huruhusu unyevu kuingia na kutoka. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi husukumwa kwenye jiwe, na ukuta huanza kumomonyoka kutoka ndani huku ukionekana mpya kwa nje. Jengo la kale linaweza kuuawa na ukarabati uliofanywa kwa nia njema.

Hatua chache kutoka hapo ni Bustani ya Jamhuri. Ndani yake umo mnara wa saa wa mwaka 1901, pamoja na mnara wa kumbukumbu ya wanamaji wa Kijerumani wa miaka ya mwanzo ya utawala huo. Waliokufa wakiupinga utawala huohuo katika vita vya pwani vya mwaka 1888 na 1889 hawana nguzo ya aina hiyo bustanini. Kiongozi mzuri wa matembezi hataacha kulisema jambo hilo.

Jengo la mahakama la enzi za Kijerumani, linalojulikana kwa jina la Usambara, nalo limo katika sehemu hii ya mji. Tanga ilikuwa pia mahali pa makarani na walimu wa Kiafrika waliosoma na kuandika. Mmoja wao, Martin Kayamba, aliongoza kuanzishwa hapa kwa chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika mwaka 1922, ambacho wanahistoria hukitaja kuwa miongoni mwa chimbuko la vyama vilivyozaa TANU.

Shule na gazeti

Tanga pia ndiko ilikofunguliwa shule ya kwanza ya serikali ya Wajerumani katika nchi hii, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Wajerumani walihitaji makarani, wakalimani na walimu, na waliamua kuwafundisha kwa Kiswahili. Uamuzi huo, uliofanywa kwa manufaa ya utawala, uliipa lugha hii nafasi ofisini na kuisaidia kusambaa hadi bara.

Wanafunzi walifundishwa pia ufundi, ukiwamo uchapaji. Katika mitambo ya shule hiyo ndimo lilimochapishwa gazeti la Kiswahili la Kiongozi, lililosomwa mwanzoni mwa karne ya 20 hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipolikatisha. Kwa hiyo kila msomaji wa gazeti la Kiswahili leo ana deni dogo kwa darasa lililokuwa Tanga.

Wilaya hii pia ndiyo iliyomlea Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini ya mji, akafariki dunia mwaka 1962 na kuzikwa Machui. Kaburi lake halimo katika njia ya matembezi ya mjini, lakini mwenye usafiri hufanya vyema kulizuru.

Ras Kasone na vita vya nyuki

Kutoka mjini, barabara ya Hospitali inaelekea mashariki hadi rasi ya Ras Kasone. Huku ndiko majeshi ya Uingereza, mengi yakiwa ya askari kutoka India, yalikoteremka kutoka melini mwanzoni mwa Novemba 1914. Walikuwa takribani 8,000 chini ya Jenerali Arthur Aitken. Wapinzani wao, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa takribani 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika.

Reli ndiyo iliyoamua matokeo. Wakati Waingereza wakichelewa kushambulia, treni zilikuwa zikiwashusha askari wa Kijerumani kutoka Moshi. Hata mtaro uliochimbwa kupitisha reli mashariki ya mji ukatumika kama handaki la kujikinga.

Mapigano yalifikia kilele Novemba 4. Makundi ya nyuki yaliyochokozwa na risasi yaliwavamia wapiganaji, na ndiyo sababu wengi huyaita mapambano hayo vita vya nyuki. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800 kwa kuuawa na kujeruhiwa, wakarudi melini wakiacha silaha nyingi. Tanga ilitekwa mwaka 1916 tu, Waingereza waliposhuka kufuata njia ya reli kutoka kaskazini.

Katika njia hiyohiyo ipo hospitali ya Bombo, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Ndani ya eneo lake, juu ya jabali linalotazama bahari, lipo jengo la kale lililojengwa na Wajerumani, likijulikana kwa jina la Cliff Block. Lilikuwa miongoni mwa majengo makubwa ya tiba ya enzi hizo, lenye roshani pana zilizowapa wagonjwa hewa ya baharini. Kwa miaka mingi lilibaki bila wagonjwa, paa na sakafu zikichakaa, huku huduma zikitolewa katika majengo mapya pembeni yake.

Sheria inasemaje

Sheria ya mwaka 1964 haikuyafungia mlango majengo mapya kuliko mwaka 1863. Inampa waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale mamlaka ya kulitangaza jengo lolote lenye umuhimu wa kihistoria kuwa la kuhifadhiwa, kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Jengo likishatangazwa, kulivunja au kulibadilisha bila kibali ni kosa.

Tatizo ni kwamba utaratibu huo huenda jengo kwa jengo, na huanza pale tu mtu anapolileta jina lake mezani. Ghala la reli, karakana au nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani haina wa kuisemea kwa urahisi. Pia mwenye nyumba huona tangazo hilo kama mzigo, kwani hubakia na wajibu wa kuitunza bila kujua fedha za chokaa na mbao zitatoka wapi.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Tanga ilipata hadhi ya jiji mwaka 2005. Bandari yake imechimbwa kina na kuongezewa gati katika miaka ya karibuni, na Chongoleani, kaskazini ya mji, ndiko palipochaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Treni za mizigo zilirejea katika reli ya Tanga mwaka 2019, na huduma ya abiria kutoka Dar es Salaam ikafika tena Moshi mwaka huo na Arusha mwaka 2020.

Haya yote ni neema kwa mji uliosinyaa baada ya mkonge kuanguka. Ila neema hiyohiyo hupandisha bei ya viwanja, na kiwanja kinapokuwa ghali kuliko nyumba iliyo juu yake, nyumba huwa mashakani. Umaskini uliyahifadhi majengo ya Tanga kwa miaka 40 kwa sababu hakukuwa na fedha za kuyavunja. Ulinzi wa namna hiyo hauwezi kutegemewa tena.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila gharama kubwa. La kwanza ni orodha kamili ya majengo, mtaa kwa mtaa, yenye picha, mwaka na mmiliki. La pili ni kibao kifupi cha Kiswahili kwenye kila jengo, ili mtoto wa shule anayepita ajue anapita wapi. La tatu ni kuwafundisha mafundi wa mjini kazi ya chokaa, ambayo pia ni ajira.

Jinsi ya kufika

Kutoka Dar es Salaam, Tanga ni mwendo wa takribani kilomita 350 kwa barabara, kupitia Chalinze na Segera. Anayetoka maeneo yasiyo na reli, kama Singe katika mji wa Babati, Manyara, husafiri takribani kilomita 170 hadi Arusha, kisha hushika barabara ya Moshi, Same, Korogwe, Segera na Muheza. Kuanzia Moshi, sehemu kubwa ya safari hiyo huenda sambamba na reli ya zamani, na stesheni ndogo za njiani huonekana kwa mwenye kukaa dirishani.

Matembezi yafanywe asubuhi, kabla ya jua kali, au baada ya saa tisa alasiri. Njia fupi ni stesheni, Ngamiani, barabara ya Soko, maktaba, Boma na Bustani ya Jamhuri. Ras Kasone na Bombo zinaweza kufikiwa kwa baiskeli, chombo ambacho Tanga inajulikana nacho nchi nzima.

Picha za stesheni, bandari na hospitali zipigwe baada ya kuomba ruhusa kwa wahusika. Katika nyumba za watu, hodi na salamu hutosha, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye atakayemsimulia mgeni habari ambazo hazijaandikwa popote. Wanaozijua habari hizo wanazidi kupungua, kwa hiyo mgeni aje na daftari.